Gemu fupi za kuchekesha: kucheza wawili bila mmoja kugeuka mtazamaji

Gemu ya saa mbili au tatu mnaweza kuianza baada ya chakula cha jioni na kuimaliza usiku huohuo. Mtego wake nao umo humo kwenye ufupi. Kichekesho kilichowapita wakati mmoja anahangaika na kidhibiti (kifaa cha mkononi cha kuchezea) hakirudi tena, wala hakuna saa arobaini mbele za kufidia. Ndiyo maana maandalizi yana uzito kuliko ustadi, hasa pale mmoja wenu amekulia kwenye gemu na mwenzake hajui kitufe kipi kinafanya nini.

Mkichagua, tazameni kwanza kamera inavyoendeshwa. Mgeni wa gemu hashindwi na mafumbo. Hushindwa na kijiti cha kulia cha kidhibiti, kile cha kugeuzia kamera. Gemu inayomtaka mchezaji ageuze kamera mwenyewe humlazimu kutembea kwa gumba la kushoto na kutazama kwa gumba la kulia kwa wakati mmoja, na asiyezoea hubaki akikodolea dari huku mwili unagonga ukuta. Wengine hupata kizunguzungu kabisa. The Stanley Parable ni ya namna hii. Inachekesha mno, lakini mwachieni mzoefu kidhibiti na mwenzake awe mwamuzi. Msimulizi wa gemu anasema Stanley, mhusika mnayemwendesha, alipita mlango wa kushoto. Anayeamua kumtii au kumkaidi ndiye anayecheza hasa, hata kama mikono yake imeshika kikombe.

Kwa wawili wenye vidhibiti viwili, Untitled Goose Game bado ndiyo ya kuanzia. Ilitengenezwa na House House wa Melbourne, Australia, ikatoka 2019. Uwezo wa kucheza wawili uliongezwa bure mwaka 2020, kwa hiyo aliye na nakala ya zamani aisasishe kwanza. Ninyi ni bata bukini wanaosumbua kijiji. Kamera inajiendesha yenyewe, hakuna kufa, na watu wa kijijini hawasemi neno hata moja. Vitendo navyo ni vichache: kutembea, kukimbia, kuinamisha shingo, kudaka kwa mdomo, kupigapiga mabawa na kupiga kelele. Mfundishe mwenzako kupiga kelele kwanza, kisha kudaka. Mengine atayagundua mwenyewe, na kugundua ndiko kunakochekesha. Orodha kuu ya kazi humalizika kwa takriban saa tatu.

Kosa la wengi katika bustani ya kwanza ni kwenda wote upande mmoja. Mtunza bustani akiwaona hufuata alichoibiwa, akakirudisha palepale kilipokuwa, na mnajikuta mnaanza upya. Gawaneni. Mmoja adake mboga mbele ya macho yake na kukimbia. Mwingine aje kwa nyuma, shingo chini, achomoe funguo zinazoning'inia kiunoni. Kazi ya pikiniki inataka vitu vinane vifike kwenye shuka: sandwichi, tufaha, boga, karoti, jemu, chupa ya chai, redio na kikapu. Vya kimyakimya vitangulie. Redio hulia unapoibeba na kumwita mtunza bustani, kwa hiyo ibebeni wakati bata wa pili anamshughulisha kwingine, au itumieni makusudi kama chambo. Kumbukeni pia kwamba skrini ni moja, haigawanywi, hivyo hamwezi kwenda mbali mno mkaachana kabisa. Mpango wa "wewe kule mwisho, mimi huku" una kikomo.

Kila eneo lina kazi ya mwisho ambayo hujitokeza tu mkishamaliza zilizo nyingi. Anayeijua asiitaje. Na hapa ndipo penye tatizo kubwa kuliko yote: mdomo wa mzoefu. Ukisema "sasa mwagie maji" umeua kichekesho kabla hakijazaliwa, kwa sababu utani wa gemu hizi unategemea mchezaji kuwaza ujinga fulani na kukuta gemu iliuwaza kabla yake. Wekeni kanuni: hakuna kusaidia mpaka aombe, na akiomba unajibu kwa swali. "Bomba lile ni la nini?" latosha. Akikwama kiasi cha dakika tano na kuanza kuhema, hapo mpe jibu zima. Kumvutavuta mtu aliyechoka si ucheshi tena. Kumpokonya kidhibiti "nikuonyeshe tu" hakuruhusiwi kabisa.

Octodad: Dadliest Catch ya Young Horses (2014) ina dawa tofauti ya tatizo hilohilo. Pweza aliyevaa suti anajifanya baba wa familia, na mkicheza pamoja viungo vyake vinagawanywa kati yenu. Uzoefu hausaidii sana hapa, kwani hata bingwa hawezi kutembeza mguu wa mwenzake. Ongeeni kwa sauti: "inua, sogeza, shusha". Msipohesabu pamoja pweza atafagia sebule nzima. Hiyo nayo si hasara.

Zipo nzuri za mchezaji mmoja ambazo zinafaa wawili kwa kupokezana. Thank Goodness You're Here! ya Coal Supper (2024) ni mtu mdogo anayezaba watu na vitu vibao katika mji wa kubuni wa kaskazini mwa Uingereza. Lafudhi ni nzito, kwa hiyo washeni maandishi ya mazungumzo kabla ya kuanza. Msipokezane kwa dakika. Pokezaneni eneo likibadilika, vinginevyo mtakata kichekesho katikati. Frog Detective, ya chura mpelelezi, nayo ni vipande vya karibu saa moja kimoja, na mazungumzo yake yanasomwa: gawaneni wahusika, kila mtu asome kwa sauti yake. Asiyependa gemu kabisa mara nyingi hunaswa na hii.

Kuhusu vifaa. Runinga nyingi huchelewesha picha kwa kuisafisha. Tafuteni kwenye mipangilio ya runinga hali ya gemu (Game Mode) na muiwashe, la sivyo bata ataitika baada ya ninyi kusahau mlichobonyeza. Kidhibiti kikikatikakatika kwa Bluetooth, kiunganisheni kwa waya wa USB. Jaribuni vidhibiti vyote viwili kabla ya kumwita mwenzako aketi.

Mkiwa mbalimbali, Remote Play Together ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hutuma gemu ya wawili wa skrini moja kupitia intaneti, na ni mwenyeji, yaani anayeituma, pekee anayehitaji kuinunua. Kinachobana ni kasi ya kupakia ya mwenyeji, si ya kupakua, basi huyo ndiye achomeke waya wa mtandao. Mgeni ataona kila kitu kwa kuchelewa kidogo. Mpeni kazi ya chambo, na wizi wa kunyemelea afanye mwenyeji. Baada ya mwisho wa Untitled Goose Game hufunguka kazi nyingine, zikiwemo za kumaliza eneo kabla kengele ya kanisa haijalia. Hizo msizijaribu kwa mtandao unaochechemea, na mkiwa mmechoka ziacheni kwa siku nyingine.

Jambo la pesa: Steam hurudisha malipo ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa 2. Saa huhesabiwa gemu ikiwa wazi, hata mkiwa jikoni, na kwa gemu fupi saa mbili ni karibu gemu nzima. Kama kidhibiti hakisomwi au picha inakwamakwama, ifungeni kwanza, kisha ndipo mtafute tatizo.