Santuri ya baba mdogo inaimba kama ina usingizi

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Moshi, Majengo. Baba mdogo alirudi toka Marekani miaka hiyo na pleya ya santuri, ikakaa juu ya kabati mpaka juzi nikaishusha. Nyuma imeandikwa 120V 60Hz, nikaiwekea transfoma ya kushushia umeme, inawaka freshi, ila sahani za dansi za mzee zinaimba kama bendi nzima imepewa dawa ya usingizi. Fundi wa mtaani kashabadilisha mkanda mara mbili, kala hela mara mbili, hali ileile. Sasa anataka abadilishe mota. Nimpe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimpe. Jibu umeliandika mwenyewe hapo kwenye 60Hz.

Hezi (Hz) ni mara ngapi umeme unapiga mzunguko wake kwa sekunde. Umeme wetu ni volti 230 hezi 50, wa Marekani volti 120 hezi 60. Transfoma inashusha volti tu, hezi zinapita vilevile 50, na mota za pleya nyingi za zamani zinafuata hezi kama mbuzi na kamba yake. Kwa hiyo mwendo unapungua moja ya sita, sahani ya 33 (yaani mizunguko 33 na theluthi kwa dakika) inaenda kama 28 na ya 45 inaenda 37 na nusu.

Usiniamini bure. Bandika kikaratasi ukingoni mwa lile sinia linalobeba sahani, weka kwenye 33, shika saa ya simu dakika 3 uhesabu kikaratasi kinapita mara ngapi. Ikifika 100 pleya ni nzima na mimi nimechemka, ikiishia 83 hivi basi ndo hizo hezi. Mkanda uliolegea unateleza, sauti inayumba, inapanda inashuka, sio kulala mwanzo mwisho kama yako.

Dawa ni puli. Chomoa umeme, nyanyua sinia, utaona kipuli kwenye mota ambapo mkanda unapita. Cha hezi 50 kinatakiwa kiwe kinene mara 1.2, yaani penye milimita 10 iwe 12, na kama kina ngazi mbili, ya 33 na ya 45, zote mbili. Ukikosa cha kununua, nenda kwa wale wanaochonga vipuri vya magari, ila mwambie aache kinene kidogo halafu apunguze taratibu huku mnapima kwa ile hesabu ya 100, maana akishakula chuma sana hakirudi (changu kilirudi kwenye mashine mara tatu, jamaa akaanza kununa). Transfoma usiitoe, volti bado zinaihitaji.

SWALI: Fundi, redio yangu ya zamani nikizungusha sauti inakwaruza na spika moja inapotea. Dada wa Sakina, Arusha.

JIBU: Vumbi hilo dada, limeingia kwenye volyumu. Nunua sprei ya kusafishia kontakti, chomoa waya, puliza kwenye katundu ka volyumu kwa ndani, zungusha kitufe mwanzo mwisho mara 30, acha ikauke ndo uwashe. Mafuta ya cherehani hapana, vumbi linagandia humohumo.