Hita ya gesi imegoma tangu umeme urudi

Pole sana ndugu yangu, baridi ya Minneapolis si ya kulala bila hita. Umesema umeme umerudi na themostati (kile kidude cha ukutani cha kupangia joto) inawaka, ila hita kule chini iko kimya. Themostati kuwaka si hoja, nyingi zinakula betri. Zima breka ya hita (swichi yake kwenye boksi la umeme), subiri dakika tano, washa tena. Angalia pia swichi ya ukutani kando yake. Inafanana na ya taa, watoto huizima (kwangu ilikuwa hivyo, nikamlipa fundi bure).

Bado? Chungulia kidirisha cha mlango wa hita. Kitaa kikiwaka na kuzima, hesabu mara ngapi. Maana yake imebandikwa ndani ya mlango. Kikiwa kimezimika kabisa, kata umeme, fungua, tafuta fyuzi ndogo kwenye bodi ya umeme ya hita, kama zile za gari, mara nyingi ampea 3 au 5. Ikiwa imeungua weka ya ampea zilezile. Mlango ubane vizuri, nyuma yake kuna kiswichi; ukikaa upande, hita haiwaki ng'o.

Ukisikia harufu ya gesi, usiguse swichi yoyote. Tokeni wote, simu mkapigie huko nje.