Kutembea msituni na watoto Malindi: anzeni Gede kabla ya Arabuko

Dada, umeuliza hivi: mmehamia Malindi juzijuzi, mna watoto watatu wa miaka 11, 7 na 3, mama mkwe ana goti linalomsumbua, ufuo mmeshauzoea, na likizo ya mwezi wa nane mnataka pa kutembea penye miti. Gari hamna. Waliotangulia kujibu karibu wote wamesema "nendeni Arabuko-Sokoke". Msitu huo naupenda kuliko mahali popote katika kaunti hii, na ndiyo sababu nakuomba msianze nao.

Mimi ni mzaliwa wa hapa hapa Malindi, mama wa wawili. Mara ya kwanza niliwapeleka Arabuko wakiwa na miaka 8 na 4. Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imekaza, tukafika saa tano asubuhi. Mwongozaji sikumchukua kwa sababu niliona barabara iko wazi, haina pa kupotea. Tulitembea nusu saa juu ya mchanga wa moto bila kuona hata ndege mmoja. Mdogo akachoka, akaketi kando ya njia, na pale alipoketi ndipo siafu walipokuwa wakipita. Nilimvua nguo zote palepale nikawabandua mmoja mmoja, dada yake akilia kumshinda. Tukarudi nyumbani. Miaka miwili mizima mtoto yule alikataa kusikia habari za msitu, na kosa lilikuwa langu: saa mbaya, msimu mbaya, na hatukuwa na mtu anayeujua mwitu.

Tangu siku hiyo nimeelewa kwamba mtoto mdogo hahesabu masafa. Yeye hutembea kutoka kitu hadi kitu: ukuta, shimo la kaa, mkia wa kima. Arabuko ni zaidi ya kilomita za mraba 400, na vitu vyake vingi vimejificha. Gede, kwenye mahame ya mji wa kale yaliyozungukwa na miti, vitu viko kila baada ya hatua ishirini, na vyote viko kivulini.

Kufika ni rahisi. Matatu za Malindi kwenda Watamu zinapita hapo, ni kama kilomita 15, unashuka Gede na kumalizia kwa miguu au kwa tuktuk. Kiingilio hulipwa kwa simu, basi hakikisha ina chaji. Fikeni mapema, lango likifunguliwa tu. Kuanzia saa nne magari ya watalii huanza kuingia, na wanyama wadogo wanarudi vichakani.

Mahame yenyewe unaweza kuyasoma kwingine, lakini yapo machache yaliyowashika wanangu. Ni mji wa Waswahili wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliostawi karne ya 14 na ya 15, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 17, kisha miti ikauchukua. James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mizizi imeteremka juu ya kuta kama vidole, na mibuyu imeota penye nyua za watu. Mpe yule wa miaka 11 kazi ya kutafuta kaburi lenye tarehe: limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, naye apige hesabu ni mwaka gani kwa kalenda ya shuleni (ni 1399, lakini usimwambie). Yule wa miaka 7 mwambie kuna mkuki umechongwa juu ya mlango mmojawapo wa Msikiti Mkuu, autafute. Wangu walizunguka msikiti ule mara nne wakiwa wameinua vichwa, na wala sikusikia neno "nimechoka".

Halafu waambie wapime vyumba kwa hatua. Wataona jambo: vyumba ni virefu lakini vyembamba, chumba baada ya chumba. Marehemu babu yangu alikuwa mtu wa Lamu aliyefanya kazi ya kukata boriti, na ndiye aliyenieleza nikiwa mdogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri iliyonyooka haiwi ndefu kupita kiasi. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mti, tangu Gede hadi nyumba za mawe za Lamu. Nilipowasimulia wanangu hivyo, swali la kwanza lilikuwa: "Miti hiyo iko wapi?" Nikawaambia twende jioni tukaione. Huo ndio mpango wangu kwako: Gede asubuhi, na jioni Mida, hori la bahari lenye mikoko karibu na Watamu.

Kabla ya kutoka Gede, mambo mawili ya hatari. Visima ni vingi na vingine ni virefu kweli, kwa hivyo wa miaka 3 mshike mkono au umfunge mgongoni kwa leso. Kigari cha mtoto usijisumbue nacho. La pili ni kima. Hawa wa hapa wana ukosi mweupe shingoni, ni wazuri kuwatazama, lakini wakiona mfuko wa mahamri wanaushukia. Msile ndani, na msiwape chakula hata mkiona wengine wanawapa, kwa maana anayepewa leo ndiye atakayemng'ata mtoto kesho. Kuta pia zisipandwe. Zimesimama miaka mingi, zinameguka kwa kisigino kimoja.

Hapo hapo kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaoishi kandokando ya msitu hufuga vipepeo, wakauza mabuu yaliyokwisha kujifunga, nayo husafirishwa hadi ng'ambo. Watoto wataingia kwenye banda la vipepeo, na mama mkwe atapata mahali pa kutua. Hata mahameni njia ni tambarare, aende kwa mwendo wake. Ila nataka watoto waelewe zaidi ya rangi za mabawa. Kipepeo anahitaji mti wake maalumu wa kutagia, kwa hiyo mkulima anayefuga vipepeo ana sababu ya kutaka msitu usikatwe. Binti yangu alilielewa hilo akiwa na miaka 9, akalileta mwenyewe mezani wakati wa chakula.

Mida. Hapa inakupasa kujua maji, la sivyo mtaenda mkute kitu kingine kabisa na mlichokitarajia. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: yanajaa asubuhi, yanapwa jioni. Kila siku saa husogea mbele kama dakika hamsini. Sasa chagua. Ukitaka watoto wapite juu ya daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko na waone samaki chini ya miguu yao, nenda jioni ya bamvua. Ukitaka kaa, matope, na ndege wanaodonoa matopeni, nenda jioni ya maji mafu. Kwa watoto wa umri wa wako mimi ningechagua matope. Kaa wa kiume mwenye gando moja kubwa, anayelipunga kana kwamba anakuita, atawashika nusu saa nzima.

Wafundishe miti kwa mizizi, ni rahisi kuliko majani. Mkoko wenyewe umesimama juu ya miguu mingi iliyopinda. Mchu unachomoza vidole vyembamba vingi kutoka matopeni, ndivyo unavyopumulia. Mkandaa gome lake lilitumika kutia rangi. Mlilana hukaa mbele kabisa, maji yanapoupiga. Mbegu ya mkoko huchipua ikingali juu ya mti, ikaning'inia ndefu kama kalamu, ikianguka maji yakiwa yamepwa hujichoma matopeni na kuanza kukua. Watoto wataokota zilizoelea, waache wazichomeke. Na hapo waonyeshe shina lililonyooka uwakumbushe vile vyumba vya asubuhi. Babu aliita miti hiyo kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Wangu walizikariri njia nzima ya kurudi wakizipanga kwa mikono yao, kidole hadi paja.

Daraja lile linatikisika. Wa miaka 3 abebwe, na mama mkwe kwa goti hilo abaki ufukweni, kuna vivuli vizuri na upepo. Waongozaji wa Mida ni vijana wa vijiji vya hapo, lipa mmoja, atawaonyesha mambo ambayo mngeyapita. Mwezi wa nane ndege wahamiaji hawajafika bado, isipokuwa wachache. Wengi huingia kuanzia mwezi wa tisa na wa kumi wakakaa hadi wa nne, kwa hivyo likizo ya Desemba rudini tena mwone wale weusi kwa weupe wenye midomo minene, wanaokula kaa, wamejipanga mchangani kwa mamia.

Sasa Arabuko. Mkishafanya Gede na Mida mara mbili tatu, watoto wakazoea kunyamaza kidogo, nendeni. Kuna kituo cha msitu kando ya barabara kuu ya Mombasa, kusini kidogo ya Gede, na matatu zinashusha abiria hapo. Fikeni saa kumi na mbili na nusu alfajiri, na chukueni mwongozaji wa msitu, kwa hili sitakulegezea. Mle ndani mna ndovu. Mna pia njia zinazofanana mno, na nyoka wa kweli, moma akiwemo, ambaye rangi yake ni ya majani makavu. Mwongozaji anajua ndovu walilala wapi, na anajua mti ambao kibundi mdogo wa Sokoke anashinda amelala. Kibundi huyo ni wa shubiri moja hivi, na duniani kote anapatikana msitu huu na sehemu za karibu yake, na milima ya Usambara huko Tanzania, basi. Nilirudi Arabuko na wanangu hivyo, mwongozaji akiwa mzee wa Dabaso, mdogo akiwa ametimiza miaka 7. Mzee akamwambia amshike kidole na asiseme neno hadi atakapokibana. Wakatangulia. Tulisikia majani makavu yakikwaruzwa, mzee akakibana kile kidole, na mbele yetu, hatua kumi labda, alikuwepo sange, mnyama mdogo wa msituni: pua ndefu inayochokora majani, miguu myembamba, kiuno cha manjano kana kwamba kimepakwa rangi. Akatuona, akapiga mkia chini, akaruka akapotea. Mtoto yule yule wa siafu hakusema neno hadi tulipofika barabarani, kisha hakunyamaza hadi Malindi.

Sange huyo mwenye kiuno cha dhahabu ni wa pwani hii ya Kenya tu. Wapo wachache hata Gede, ndiyo maana nasisitiza kufika mapema.

Tembeeni saa moja na nusu, si zaidi, katika sehemu ya mirihi ambako miti imeachana na mwanga unaingia, halafu mrudi. Upande wa vichaka vizito uacheni hadi wakue. Mkikuta chini mbegu za mbambakofi, nyeusi zenye kofia nyekundu, watoto watazishangaa na watataka kujaza mifuko. Wazishike, wazitazame, wazirudishe chini.

Mengine yaliyotajwa na waliotangulia kujibu: Marafa ni mabonde ya udongo, ni pazuri jioni, ila miti hakuna na jua la mchana litamwangusha mdogo. Mdomo wa Sabaki ni mwema kwa ndege, lakini mna viboko na mamba, kwa hiyo mimi na watoto wadogo siendi karibu na maji. Na kuhusu aliyependekeza kaya za Wamijikenda kama mahali pa matembezi, naomba tuheshimiane. Kaya ni mahali pa ibada na makaburi ya wazee, hata UNESCO ilizitambua mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Huingii bila ruhusa ya wazee wa kaya na bila kufuata watakavyokuelekeza. Mkialikwa nendeni. Kuzipeleka familia kupunga upepo, hapana.

Vya kubeba: suruali ndefu na soksi ndefu kwa wote, suruali iingizwe ndani ya soksi, na hilo lingemwokoa mwanangu. Viatu vya kufunika. Mafuta ya mbu. Maji mengi kuliko unavyodhani. Mahamri na viazi vya karai mle mkishatoka. Mkirudi nyumbani wavue watoto uwakague kupe nyuma ya masikio, kwapani na mapajani kabla ya kuoga. Mwezi wa nne mwambao wote umelowa na mbu ni wengi, ahirisheni. Mwezi wa nane kusi inavuma, hewa imepoa, mmechagua vizuri.

Uliuliza pia siku gani hasa. Tazama kalenda ya mwezi: bamvua ni siku mbili tatu zinazofuata mwandamo au mpevu, na maji mafu ni kama siku saba baada ya hapo. Mkitaka matope ya Mida, chukueni Jumamosi inayoangukia maji mafu, muwe Gede saa mbili asubuhi, mpumzike mchana Gede sokoni, na saa tisa na nusu muwe Mida maji yakimalizia kutoka. Ukiniandikia tarehe mliyoipanga nitakuangalizia saa za maji.