Mkono wa resi unauma na vidole vinakufa ganzi: anza na waya kabla ya dawa

Mkuu, hili ulilouliza madereva wengi tunalivumilia kimyakimya. Umesema unapiga boda kuanzia alfajiri hadi usiku, kifundo cha mkono wa kulia kinawaka moto, vidole vinakufa ganzi, na sasa unaishi kwa diklofenaki. Wengine wamekushauri ununue kile kifaa cha kubana resi, yaani ule mshiko wa kulia unaozungushwa kuongeza mwendo, ibaki palepale. Mimi nanunua parachichi vijijini huku Njombe. Nazunguka Uwemba, Lupembe hadi Makambako kwa pikipiki ya cc 150, lami kidogo na vumbi jingi, na mkono huu ulinitesa sana kabla haujatulia. Nakuandikia kilichonisaidia.

Dawa ya maumivu inanyamazisha mkono, lakini kazi iliyouumiza inaendelea. Na diklofenaki ya kila siku, wiki hadi wiki bila daktari, inachubua tumbo na kuumiza figo. Usiifanye kuwa sehemu ya mafuta ya pikipiki.

Anza na resi yenyewe. Zima injini, shika mpira wa resi kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, zungusha hadi mwisho kisha achia ghafla. Inatakiwa izunguke bila kukwama na irudi yenyewe mara moja, uisikie ikigonga. Kama vidole viwili vinashindwa, au inarudi kwa uvivu, basi umeshapata sehemu kubwa ya jibu lako. Kila unapoongeza mwendo mkono unapigana na waya mkavu, na ili mpira usikuteleze unaukaba. Kule kukaba ndiko kunakochosha misuli ya mkono wa mbele na kuvimbisha kano zinazopita kwenye kifundo. Mikono yetu haina udhaifu wowote, ila inabebeshwa kazi ya waya.

Waya wa resi unalainishwa hivi. Chomoa ncha ya juu kwenye usukani, inyanyue iwe juu kuliko sehemu nyingine yote. Funga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye mdomo wa ganda la waya, kaza kwa uzi ili kiwe kama mrija mpana, kisha mimina oili nyepesi kidogokidogo huku unavuta na kuachia ule waya wa ndani. Ncha ya chini iwe imechomolewa kwenye kabureta na umeweka kitambaa. Mwanzoni itatoka oili nyeusi yenye mchanga na kutu. Endelea mpaka itoke safi. Usitumie grisi, inashika vumbi, na kwa baridi ya huku mwezi wa saba inakuwa nzito kiasi kwamba resi inakuwa ngumu kuliko mwanzo. Ukiona nyuzi za waya zimeanza kukatika, usilainishe, nunua mpya. Waya uliochanika unaweza kunasa resi ikiwa wazi, na hapo tunazungumzia roho, siyo kifundo.

Ukiwa umefungua, toa na ule mpira wa resi na bomba lake, futa usukani na ndani ya bomba. Utashangaa tope linalokaa mle. Wakati wa kurudisha, mpira usisukumwe hadi ukasugua kiboksi cha swichi, wala usigusane na kizito cha mwisho wa usukani. Acha uwazi kidogo pande zote mbili. Huku kwetu kuna tatizo jingine, yale makava ya ngozi tunayovalisha usukani kukinga baridi. Kava likikaa vibaya linakandamiza resi, na dereva anahangaika nalo safari nzima akidhani ni mkono.

Baada ya kufunga, rekebisha mchezo wa waya. Pikipiki nyingi zinahitaji mpira uzunguke milimita 2 hadi 6 kabla injini haijaitika. Kisha washa, iache isailensi, yaani iungurume bila kuvuta resi, pinda usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Kama mlio unapanda wakati wa kupinda, waya umebana au umepitishwa vibaya. Usiondoke hivyo. Na fundi akikuambia atakuwekea springi laini kwenye kabureta au ataikata iliyopo, mkatalie. Ile springi ndiyo inayofunga mafuta unapoachia mkono kwa dharura.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye mkono. Wengi tunashika resi ikiwa imefungwa huku kifundo kimenyooka. Tukiivuta kwenye barabara ndefu, kifundo kinashuka chini na mgongo wa kiganja unarudi nyuma, tunabaki hivyo saa nzima. Mkono uliokunjwa hivyo unabana kile kijia chembamba cha kwenye kifundo ambamo mshipa wa fahamu na kano zinapita. Ukishafika mwendo wako barabara kuu, legeza vidole kidogo bila kuachia resi, zungusha kiganja mbele juu ya mpira, shika upya. Lengo ni kwamba kwa mwendo unaokaa nao muda mrefu, mgongo wa kiganja na mkono wa mbele viwe mstari mmoja. Kiwiko kitoke nje kidogo na mpira ukatize kiganja kwa mshazari, jinsi unavyoshika bisibisi, badala ya kuukamata ngumi. Ila mjini na wakati wa kuondoka kwenye foleni rudi kwenye kushika kwa kifundo kilichonyooka resi ikiwa imefungwa. Ukishika kwa mbele halafu pikipiki ikakurusha, utavuta mafuta bila kutaka.

Angalia pia mkono wa breki. Kaa kwenye siti kama unavyokaa kazini, nyoosha vidole juu ya breki. Kama inabidi ukunje kiganja kwenda juu ili uifikie, iko juu mno. Legeza boliti zake, mara nyingi ni spana namba 10, ishushe mpaka vidole vifuate mstari wa mkono, kaza. Kazi ya dakika tano isiyo na gharama, na wengi hatujawahi kuigusa tangu pikipiki itoke dukani.

Uzito nao. Mikono haikuwekwa kwenye usukani ili ikubebe. Bana tenki kwa magoti, tumia tumbo na mgongo kujishikilia, viwiko vibaki vimelegea. Abiria anayekulalia mgongoni mwambie kwa heshima ashike chuma cha nyuma. Na mshikaki, yaani kupakia abiria zaidi ya mmoja, mkuu, achana nao. Mbali na sheria na ajali, ukipakia watatu unasukumwa hadi juu ya tenki, viwiko vinakunjika, vifundo vinapinda, na mwili wote wa mbele unaegemea viganja. Siku mbili za mshikaki zinaharibu nafuu ya wiki nzima.

Ganzi mara nyingi inaletwa na mtetemo. Injini zetu ni za pistoni moja, zinatetema kwa asili yake, lakini kuna mtetemo wa asili na mtetemo wa ubovu. Kagua boliti zinazoshika injini kwenye fremu, cheni kavu au iliyokaza, na kama vile vizito vya mwisho wa usukani bado vipo, maana vikidondoka watu hawavirudishi. Kila pikipiki pia ina mwendo ambao usukani unawasha mikono zaidi. Utafute wako, halafu punguza au ongeza kilomita tano, utasikia tofauti. Mpira uliochakaa na kuwa mgumu badilisha. Wenye viganja vikubwa huzungushia ukanda wa tyubu ili mpira unenepe, na inasaidia. Ukiwa na kiganja kidogo usifanye hivyo, utalazimika kukaba zaidi.

Kuhusu kifaa cha kubana resi, kwa kazi ya boda sikushauri. Mtoto akikatiza barabarani unahitaji mafuta yafunge sekunde uliyoachia. Kile kipande cha plastiki cha kuegemeza kiganja, kinachovishwa kwenye mpira wa resi, ni afadhali, kinakuruhusu kushikilia resi kwa uzito wa kiganja bila kukaba, na kwa safari ndefu nakitumia. Kitegeshe kiwe sambamba na barabara kwa mwendo wako wa kawaida. Kwenye foleni ya mjini kizungushe au kitoe, maana ukikimbilia breki kiganja kinaweza kukikandamiza na pikipiki ikaruka mbele.

Mwisho, mkono wenyewe uusikilize, hasa vidole. Ganzi ya gumba, shahada na cha kati, inayokuamsha usiku ukakung'uta mkono ili itulie, ni dalili ya mshipa wa fahamu wa kati kubanwa kwenye kifundo. Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kile cha pete ni mshipa mwingine, na mara nyingi unabanwa na kuegemea kisigino cha kiganja au na kiwiko kilichokunjwa muda mrefu. Maumivu upande wa gumba, yanayokuchoma ukifumba gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo kuelekea kidole kidogo, ni kano za gumba. Yote haya yakishikwa mapema mara nyingi hutulia kwa kupumzisha mkono, na kwa ule mshipa wa kati, kuvaa kishikizo cha kifundo usiku, kifundo kikiwa kimenyooka. Mwenye kisukari asisubiri, kwake mishipa huathirika kirahisi. Na ukianza kuangusha vitu, au nyama ya chini ya gumba ikionekana kunywea kuliko ya mkono wa pili, nenda hospitali yenye wataalamu wa mifupa na fiziotherapia, usihangaike na sisi wa mtandaoni.

Jambo moja hukutaja: uliwahi kuanguka ukajikinga kwa kiganja? Kama ndiyo, na ukibonyeza lile shimo dogo la chini ya gumba, upande wa mgongo wa kiganja, linauma, dai picha ya eksirei. Kuna mfupa mdogo pale unaovunjika bila kuvimba sana, na picha ya kwanza inaweza isiuonyeshe, hivyo maumivu yakiendelea rudi upigwe nyingine.

Pima resi leo ukifunga kazi, kisha tuandikie ilirudi vipi na ganzi inashika vidole gani. Taja na aina ya pikipiki, wapo mafundi humu watakuelekeza mahali boliti za kurekebishia waya zilipo.