Kiti cha Kaunti Hupotea Mapema: Ushauri kwa Waratibu wa Wadi Mombasa

Chama kilicho madarakani kikiangushwa, wakubwa wake hulaumu pesa za wapinzani. Soma fomu za matokeo kituo kwa kituo kabla ya kuamini hilo. Mara nyingi kura za mpinzani zimepanda kidogo tu, ila wafuasi wa chama wenyewe hawakutoka.

Tazama Mombasa 2022. Walioandikishwa walikuwa 641,913. Katika uchaguzi wa ugavana, ulioahirishwa hadi Agosti 29, chama cha ODM, kilichokuwa madarakani katika kaunti, kilipata kura 119,083 na mpinzani wake UDA 98,105. ODM ilibaki na kiti, lakini waliokaa nyumbani walizidi 400,000. Pengo la kura 20,978 linazibika kwa wepesi mno pale umati kama huo haujaguswa.

Hasira huanzia kwenye mchujo, yaani kura ya ndani ya chama ya kuchagua mgombea. Jimbo la Nyali 2017 linatosha kuwa funzo: Mohamed Ali aliiacha ODM, akasimama kama mgombea huru, akachukua ubunge; 2022 akautetea kwa tiketi ya UDA. Kwa hivyo hesabuni kura za mchujo palepale kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea wote, na matokeo yatiwe saini usiku uleule. Tiketi ya moja kwa moja, isiyopitia mchujo, mpe mtu ambaye hata wapinzani wake chamani wanamkubali. Aliyeshindwa afuatwe nyumbani kwake ndani ya siku mbili, na mwenye tiketi aende mwenyewe. Asiende na ahadi ya cheo, aende na kazi: amkabidhi kusimamia mawakala wa mtaa wake. Aliyeshindwa asipoombwa, vijana wake wa maskani hawatapiga debe, na hilo hamtalijua mpaka kura zihesabiwe.

Kisha maji. Mama wa Kisauni anayenunua maji ya mkokoteni, mtungi wa lita 20 baada ya mtungi, hataki kusikia bajeti ya mabilioni. Mwambie bomba gani, mtaa gani, mwezi gani. Kama halitakamilika kabla ya kura, mwambie hivyo pia. Ahadi iliyovunjwa mara mbili ndiyo inayomfungia ndani siku ya kura.

Mawakala nao ni hesabu. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hivyo kaunti ina vituo zaidi ya 900, na kila kimoja kinahitaji mtu wenu mwenye barua ya uteuzi na aliyekwisha kula kiapo cha usiri. Mpangieni mlo wa usiku. Kura za rais huhesabiwa kwanza, hivyo wakala mwenye njaa huondoka kabla ya fomu 37A ya gavana na 36A ya mwakilishi wadi kujazwa. Akishapata nakala, apige picha pia ile iliyobandikwa mlangoni.

Siku yenyewe, saa sita mchana, pitieni orodha ya wafuasi nyumba kwa nyumba na kubisha hodi kwa ambao hawajatoka. Msitoe pesa, hongo ni kosa la uchaguzi. Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekwisha kuingia foleni kufikia saa hiyo hupiga kura. Wanaotoka kazini bandarini waambiwe hivyo tangu asubuhi.