Jibu: Wanapigana siku mbili halafu wanakumbatiana, huo urafiki ni wa kweli?

Kwa wanaoingia kwenye uzi sasa hivi: mwenzetu ana mdogo wake anayesoma Ubelgiji. Kijana ametuma picha amevaa kombati, amekumbatiana na wazungu wenye kombati za rangi nyingine, na chini ameandika "hawa ndio walioniua". Mama yao yuko Katuba, hapa Lubumbashi, na hajalala vizuri tangu aone hiyo picha. Mwenzetu anauliza watu waliotoka kupigana mchana kutwa wanawezaje kuwa marafiki jioni yake, na kama urafiki huo una uzito wowote au ni wa picha tu.

Kwanza mama atulizwe. Mtoto hajaingia jeshi lolote. Mchezo huo unaitwa easofti. Ulianzia Japani miaka ya 1970, kwa sababu sheria za kule zinambana sana raia anayetaka bunduki ya kweli, basi watu wakatengeneza za kuigiza. Zinarusha gololi za plastiki za milimita 6, nyepesi kuliko punje ya muhindi. Ile ya kawaida ina gramu 0.20. Asubuhi kabla ya mchezo kila bunduki inapimwa nguvu kwa kimashine wanachokiita krono, na ikizidi kiwango haiingii uwanjani, hata kama umesafiri kilomita elfu. Kila nchi ina kiwango chake. Nguvu hiyo inahesabiwa kwa juli: Japani hairuhusu kufika juli 1 kamili, Uingereza mwisho ni juli 1.3 kwa bunduki inayorusha mfululizo na 2.5 kwa inayorusha moja moja. Inauma? Ikikupata kwenye vidole siku ya baridi, utamtaja marehemu babu yako. Jicho ndilo halina mchezo: miwani haivuliwi uwanjani hata ikijaa ukungu mpaka huoni mkono wako.

Mimi nilisoma Liège, hukohuko Ubelgiji, mji ambao kwenye karatasi za manispaa ni dada wa Lubumbashi hii yetu. Jirani yangu kwenye makazi ya wanafunzi ndiye aliyeniingiza. Jumapili tulikuwa tunacheza kwenye misitu ya Ardennes, watu wachache, wote tunajuana. Baadaye tukajibana wanne kwenye gari moja mpaka Ucheki, kwenye mchezo mkubwa wa mataifa. Ulikuwa Ralsko, kaskazini mwa nchi, msitu ambao jeshi la Kisovieti lilikaa mpaka 1991 likaacha majengo matupu, mahandaki na barabara za zege zilizomezwa na miti. Ukishuka kwenye gari unaona mahema tu, na bendera za nchi ambazo nyingine nilikuwa nazisoma kwenye ramani. Pande mbili, rangi mbili za kombati, usiku na mchana.

Sasa swali lenyewe. Watu wengi hapa mmejibu kwamba ni pombe, au ni uchovu, au ni ile kawaida ya wazungu kukumbatiana ovyo. Pombe ipo, sikatai. Lakini kuna kitu kimoja ambacho asiyecheza hawezi kukijua: gololi haiachi alama. Kwenye ule mchezo mwingine wa vidonge vya rangi, ukipigwa unachafuka na kila mtu anaona. Kwenye easofti hakuna rangi, hakuna damu, na msitu ni mkubwa kuliko macho ya marefa wote. Ukipigwa, aliyekupiga mara nyingi hana hakika kama amekupata. Wenzako hawakuona. Unajua wewe peke yako. Unatakiwa kuinua mkono, kupiga kelele "hiti!", yaani nimepigwa, kutoa kitambaa chekundu mfukoni na kukiweka kichwani ili wote wajue umekufa, kisha unakaa hapo kungoja mwenzako aje kukufunga bendeji, au unatembea kurudi nyuma kwenye kituo chenu kuanza upya. Hakuna anayekulazimisha. Kila mtu ni hakimu wa kifo chake mwenyewe.

Nawapa mfano mmoja. Siku ya kwanza, mvua nyepesi, nimelala nyuma ya ukuta wa gereji ya zamani ya vifaru. Mbele yangu, mtu kwenye miti ya mibetula. Nikarusha gololi chache kupitia majani bila tamaa kubwa. Kimya. Nikajua nimekosa. Mara yule mtu akasimama taratibu, akatazama mkono wa koti lake, akatazama kushoto na kulia. Hakuna mtu. Hata mimi alikuwa hanioni. Angeweza kulala tena na mchezo ukaendelea, na mimi ningekula kiapo kwamba sikumpata. Akainua mkono, "hiti!", akatoa kitambaa chake chekundu, akaketi juu ya kisiki kilicholowa maji na kuanza kula biskuti.

Nilipita karibu naye nikielekea mbele. Maiti hairuhusiwi kuongea, hiyo ni sheria, maana ingewaambia walio hai adui yuko wapi. Lakini hakuna sheria inayoikataza kutoa biskuti. Akaninyoshea pakiti. Nikachukua moja, nikaendelea na vita.

Mtu kama huyo jioni unamtafuta mwenyewe, huhitaji kuambiwa. Umemwona akijishitaki mbele ya mtu asiyemjua, kwa hasara yake, wakati hakuna shahidi. Wangapi unaowafahamu wangefanya hivyo? Mimi nina watu niliosoma nao tangu shule ya msingi ambao sina hakika nao kiasi hicho.

Halafu kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloeleza zile picha za kukumbatiana na adui badala ya watu wa timu yake. Siku nzima unaishi nusu ya hadithi. Unajua ulikimbia, ulilala, ulipigwa. Nani alikupiga, kutoka wapi, alikuona tangu lini, hujui. Wenzako nao hawajui, kwa sababu walikuwa wanatazama mbele kama wewe. Mwenye nusu ya pili ni adui. Ndiyo maana ikifika jioni kambini utaona watu wanazunguka kwenye mahema ya upande wa pili wanauliza, kwa Kiingereza cha kuokoteza na mikono: ni nani alikuwa kwenye dirisha la ghorofa ya pili saa tisa? Na akipatikana, ni shangwe. Vifuniko vya chupa vinapangwa mezani, hiki ni gereji, hiki ni wewe, hiki ni sisi, na watu wanabishana mpaka usiku wa manane. Nimemwona Mhispania na Mjerumani wasioelewana hata salamu wakichora mstari kwenye matope kwa kijiti, mmoja anachora mwingine anafuta, na mwisho wote wawili wanacheka kwa sababu wamegundua kwamba walikuwa wamelala pande mbili za gogo moja kwa muda mrefu, kila mmoja akimngoja mwingine.

Vyakula sitavieleza sana, maana hadithi ya wageni kubadilishana vyakula kila mtu anaijua. Niseme tu kwamba kichupa cha pilipili alichonitumia shangazi kutoka Kamalondo kiliisha usiku wa kwanza, na kuna Mfini mmoja ambaye nadhani mpaka leo hajapona.

Kilichonigusa mimi ni betri. Bunduki yangu inatumia betri. Ilikufa, na aliyeniazima nyingine alikuwa mtu wa upande wa pili. Plagi hazikuingiana. Yule bwana hakusema pole, jaribu kwingine. Alitoa chombo cha kulehemu kwenye sanduku lake, akakata waya wa betri yake mwenyewe, akaunga plagi inayoingia kwenye bunduki yangu, taa ya kichwani ikiwaka na mbu wakimla shingo. Anajua kabisa kwamba kesho asubuhi bunduki hiyohiyo itamtafuta yeye.

Kuna wasiopata urafiki huo. Kule wanawaita wasiokufa. Unampiga, unasikia gololi ikigonga begi lake, tak, tak, naye anaendelea kukimbia. Hakuna anayemtukana wala kumpiga. Kiongozi wa timu yake anaambiwa pembeni, na jioni utamwona anakula na simu yake. Adhabu yenyewe ni hiyo tu, na kwa maoni yangu inatosha.

Mchangiaji mmoja huko juu ameandika kwamba ni aibu Mkongomani kucheza vita wakati ndugu zake wa Goma na Bukavu wako kwenye vita ya kweli. Ndugu, nimekusikia, na sikuandikii kwa hasira. Tarehe 23 Machi 2013 Bakata Katanga, wale waasi wanaotaka Katanga ijitenge, walipoingia mji huu na kutembea mpaka kambi ya MONUSCO, askari wa Umoja wa Mataifa, nilikuwa hapa, chini ya kitanda, na mlio ule sijausahau. Ndiyo maana wanaoniudhi kwenye easofti ni wale wanaosema "sisi ni ndugu wa vitani". Hapana. Tumecheza. Aliyepigwa amekula biskuti. Wanajeshi wastaafu wako wengi kwenye michezo ile, na sijawahi kusikia hata mmoja wao akitumia neno hilo.

Usiku wa pili watu walikuwa wamejaa kwenye meza ndefu, kelele, muziki. Mtu akawasha fataki nyuma ya mahema bila kutoa taarifa. Meza nzima ikapiga makofi. Mimi nikajikuta chini ya meza, na sikuwa peke yangu. Alikuwepo mtu wa Sarajevo, kule Bosnia, wa upande wa pili, aliyekuwa mtoto mdogo mji wao ulipozingirwa kuanzia 1992 mpaka 1996. Tukatazamana pale chini katikati ya viatu vya watu. Akaniuliza, "Wapi?" Nikamwambia Kongo. Akatikisa kichwa, tukaanza kucheka, tukatoka na kumalizia nyama yetu. Hakuniuliza zaidi wala mimi sikumuuliza. Huyo tunaandikiana mpaka leo, kuliko wengi niliocheza nao timu moja.

Je, urafiki unadumu? Mwingi haudumu, nisikudanganye. Kundi la WhatsApp linawaka wiki za mwanzo, picha mia, kila mtu anaapa tutaonana mwakani. Kisha linabaki la kutakiana heri za Krismasi. Wengine nimesahau hata sura zao, nimebaki na beji zao tu, maana kule watu wanabadilishana beji za timu. Hilo halinisumbui. Wachache wanaobaki ndio wanaohesabiwa.

Yule wa biskuti ni Mpolandi, fundi wa pampu kubwa za migodini. Kampuni yake ikamtuma Kolwezi, akaniandikia kwamba atashukia Luano, uwanja wetu wa ndege, na atalala Lubumbashi usiku mmoja. Nikamleta nyumbani. Mama alikuwa amepika bukari, yaani ugali, na sombe, majani ya muhogo, na vijana wamenunua michopo, nyama ya kuchoma, pale kona. Mgeni anakula kwa mkono vizuri kuliko nilivyotegemea. Mama akauliza:

"Mulijuana wapi na huyu?"

"Nilimpiga risasi, mama. Kwenye ule mchezo."

Akamtazama mgeni, akanitazama mimi. "Sasa alikufa ao hakufa?"

"Alikufa, mama, tena hakubisha."

"Basi mumuongezee nyama."

Nikamtafsiria, naye akacheka mpaka akapaliwa na sombe. Kwa hiyo, ndugu mwanzisha uzi, ukienda Katuba mweleze mama hivyohivyo: wale kwenye picha ni watu waliomwona mtoto wake akisema kweli pale ambapo angeweza kudanganya, au yeye ndiye aliyewaona wao. Kama anataka uhakika, amuulize kijana kwenye simu kila mmoja kwenye hiyo picha alimpiga wapi na vipi. Akianza kueleza hataacha, salio litaisha mama akiwa bado yuko kwenye mtu wa pili.

Jambo moja la mwisho, na hili ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Akija likizo asilete bunduki ile, wala kombati. Ikitazamwa kwa mbali haina tofauti na ya kweli, na pale Luano hakuna afisa atakayesubiri umweleze habari za gololi na juli. Raia mwenye kombati kwetu anajitafutia kesi hata bila bunduki mkononi. Mimi tangu nirudi sichezi, na sijaona shamba hapa Annexe, pembezoni mwa mji, ambako ningethubutu. Beji alete kadiri anavyotaka. Vingine amwachie mtu kule, hatakosa wa kumtunzia. Bunduki yangu iko Liège, kwenye kabati la mtu niliyekuwa napigana naye kila Jumapili, na kila masika ananiandikia kwamba ameipaka mafuta.