Sabuni mpya ya kipande: hesabu rafu kabla ya ndoo

Wengi wanaoanza kutengeneza sabuni ya kipande bila kupika hupanga uzalishaji kwa ukubwa wa ndoo. Ndoo haikwamishi kitu, rafu ndizo hukwamisha. Kuchanganya na kumwaga ni kazi ya asubuhi moja, kukausha ni wiki 4. Anza hesabu huko mwisho, urudi nyuma.

Chukua bechi ya kilo 15: mawese kilo 6, mafuta ya nazi 4, kostiki (caustic soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) 1.5, maji 3.5. Hapo asilimia 5 ya mafuta inabaki haijaliwa na kostiki, kwa usalama wa ngozi. Sabuni hupungua uzito ikikauka, kwa hiyo kama lebo inasema gramu 100, kata 115. Utapata vipande 130.

Ukitoa bechi moja kwa siku, siku 6 kwa wiki, ifikapo wiki ya 4 una vipande 3,120 vilivyolala. Kwa vipande 65 kila trei, unahitaji trei 48, na kilo 240 za mafuta ulizokwishalipia bado hazijauzwa. Una trei 24? Basi ni bechi 3 kwa wiki, hata kama vijana wamekaa bure.

Mafuta ndiyo yanayoharibu bechi nyingi. Yanauzwa kwa dumu, vipimo viko kwa kilo, na dumu la lita 20 lina kilo 18 na kidogo. Ukipima lita 10 ukiziita kilo 10, mafuta yanapungua kwa asilimia 8 hivi. Ile ziada ya mafuta ya asilimia 5 imekwisha na kostiki inabaki kuchoma ngozi. Nunua mizani kwanza, moldi za maua baadaye. Mawese nayo hujitenga, mazito yakatulia chini, kwa hiyo yayushe dumu zima na ukoroge kabla ya kupima, la sivyo bechi ya juu na ya chini hazitafanana.

Kostiki hunyonya unyevu: nunua ya kutosha mwezi mmoja tu, uifunge kwenye plastiki yenye mfuniko. Sufuria ya alumini isiikaribie kabisa. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki.

Andika tarehe kwenye kila trei, ya zamani itoke kwanza. Pima vipande vitatu vilevile kila wiki. Uzito ukiacha kushuka ndipo ufunge. Lebo agiza chache mpaka uzito huo ujulikane.